Mtiifu wa Wizara ya Utulivu

Nchi ninayotaka kuisimulia ipo, na watu wake wapo, ila jina lake sitalitaja. Nimefanya kazi ya majina kwa miaka kumi na tisa, na kama kuna jambo moja nililojifunza, ni kwamba jina likishatoka mdomoni halirudi. Mtu anaweza kusema kwamba naficha kwa sababu ya uoga. Hilo nalo ni kweli, lakini mtaliona wenyewe huko mbele, sina haja ya kujitangaza mapema.

Naitwa Gerevasi Mtandika. Wakati wa mambo haya nilikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Majina ya Mtandao katika Wizara ya Utulivu wa Taifa. Nilikuwa na ofisi yenye zulia, kiti cha kuzunguka na mhuri wa duara. Wenzangu wengi walikuwa na mihuri ya mstatili.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze kidogo. Kila mahali kwenye intaneti pana jina na pana namba. Binadamu hukumbuka majina. Kompyuta hufika kwa namba. Kwa hiyo lazima awepo wa katikati, wa kuulizwa, "Fulani anakaa wapi?" naye ajibu, "Namba fulani." Kwetu kazi hiyo ilifanywa na mitambo kumi na minne, mmoja kila mkoa, yote mali ya serikali. Idara yangu iliamua ni majina yapi mitambo iyajibu kwa ukweli, na yapi iyajibu kwa neno moja tu: "Simjui."

Ilikuwa kazi ya heshima. Serikali nyingine huwaziba watu midomo. Sisi tuliona hiyo ni njia ya kizamani. Sisi tulimwacha mtu aseme atakavyo, ila akitafutwa, hajulikani.

Siku hizo kila kitu kilifanywa kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa Bi. Stamili Chande, fundi wetu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja. Waziri akituma jina la kufungwa, Bi. Stamili aliingia kwenye mitambo yote kumi na minne, mmoja baada ya mwingine, akaliandika. Mara nyingi alipofika mkoa wa kumi na moja alikuwa amechoka, akausahau. Wakazi wa mkoa huo walikuwa na habari kuliko taifa zima. Mimi mwenyewe nilipotaka kujua nini kinaendelea nchini nilimpigia simu shemeji yangu anayeishi huko.

Alhamisi moja Waziri aliniita. Alikuwa Mheshimiwa Balozi Profesa Tobiasi Nyangalio, na vyeo vyote vitatu alivipata katika wiki moja.

"Gerevasi," aliniambia, "kuna mchora katuni anaitwa Kisiri. Amenichora nikiwa kobe. Niliagiza afungwe tangu Jumatatu. Mbona mkoa wa kumi na moja bado wananicheka?"

"Ni mkono wa binadamu, Mheshimiwa. Hauachi kukosea."

Waziri akautazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza, akautazama tena.

"Basi tuuondoe," akasema.

Hivyo ndivyo alivyokuja Mtiifu.

Mtiifu hakuwa mtu. Alikuwa programu ya kompyuta, na kazi yake ilikuwa rahisi. Sisi tuliandika sheria zetu kwenye faili moja. Yeye alilisoma faili, na kabla hujamaliza kupiga chafya mitambo yote kumi na minne ilikuwa imetii, hata ule wa mkoa wa kumi na moja. Kisha kila baada ya dakika kumi alizunguka kukagua. Akikuta mtambo wowote unasema tofauti na faili, aliurudisha kwenye mstari bila kumuuliza mtu.

Hilo la dakika kumi lilikuwa wazo langu. Na la kwamba faili libadilishwe kwa alama ya vidole gumba viwili, changu na cha Waziri, lilikuwa langu pia. Na la kwamba kila kompyuta ikijibiwa "Simjui" ilikariri jibu hilo kwa saa nzima isiulize tena, ili wananchi wasiisumbue mitambo, lilikuwa langu vilevile. Nilijiona nimejenga ukuta usio na tundu.

"Na faili lenyewe likikosewa, Bosi?" Bi. Stamili aliniuliza.

"Faili linawekwa kidole na Waziri. Litakosewaje?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndivyo alivyokuwa akijibu maswali ya aina hiyo.

Siku ya uzinduzi tuliifunga kabati ya mitambo utepe wa rangi za taifa. Kwaya ya Wizara iliimba. Waziri alisimama akasema kwa dakika hamsini na tano, nami nitanukuu sehemu ninayoikumbuka.

"Ndugu wananchi, nchi nyingine zina teknolojia inayofikiri. Sisi tumewapita. Tuna teknolojia inayotii. Mtiifu hali, halali, hanung'uniki, wala hana chama cha wafanyakazi. Nawaomba watumishi wote mwige mfano wake."

Tukapiga makofi. Mtiifu hakupiga, na gazeti la serikali likaandika kwamba hata katika siku yake kubwa alionyesha unyenyekevu.

Tatizo la kwanza lilikuwa Kisiri. Tulipomfunga, alijiita Kisiri-Mpya. Tulipomfunga Kisiri-Mpya, akawa Kisiri-Bado. Hapo ndipo nilipopata wazo lililonipandisha cheo. Nikaandika waraka wa kurasa tisa uitwao "Ng'oa Mzizi." Nilieleza kwamba kufunga majina ni kukata majani, yafaa tufunge herufi. Jina lolote mtandaoni lenye herufi tulizozikataza ndani yake, popote zilipo, mwanzoni, katikati au mwishoni, lijibiwe "Simjui." Waziri aliusoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akasema hajawahi kuona akili ya namna hiyo. Mimi pia nilikuwa sijaiona.

Mzizi wa kwanza ulikuwa "goma," kwa sababu walimu walikuwa wanapanga kugoma. Niliandika mstari, tukaweka vidole, Mtiifu akatii. Walimu hawakuonekana tena mtandaoni. Siku tatu baadaye tulipokea mfalme mgeni uwanja wa ndege, na Kikundi cha Ngoma cha Taifa hakikutokea, kwa kuwa ratiba yao ilikuwa kwenye tovuti yao na tovuti ilikuwa haijulikani. Mfalme alipokewa na madereva wa Wizara waliokuwa wakipiga makofi kwa zamu.

"Bosi, ngoma ina goma ndani yake," Bi. Stamili aliniambia. "Tuweke orodha ya majina ya kusamehewa."

"Tukianza kusamehe, tutaishia wapi?"

"Tutaishia na ngoma."

Kwenye taarifa ya mwezi niliandika kwamba mgeni alipata mapokezi ya utulivu.

Mzizi wa pili ulikuwa "dai," kwa ajili ya watu wenye madai. Ukaondoka na chama tawala, ambacho jina lake ni Daima Mbele. Mwenyekiti wa chama alipofungua tovuti yake asubuhi na kuambiwa "Simjui," aliamini serikali imepinduliwa. Alijificha siku mbili shambani kwa wakwe zake. Tulipompata na kumweleza kwamba ni sisi tu, alifurahi kusikia bado yumo madarakani hata akatuandikia barua ya pongezi.

Wa tatu ulinipa sifa kubwa kuliko yote. Waziri alitaka tufute wizi. Sikusudii kusema wizi wenyewe. Alikusudia neno, kwa kuwa watu walilitumia sana karibu na jina lake. Nikafikiri: nikikataza "wizi" peke yake, wajanja watapinda tahajia. Nikakataza herufi tatu tu, w, i, na z, zikifuatana. Mchana huo wizara zote ishirini na sita zikatoweka mtandaoni. Wizara ya Afya, Simjui. Wizara ya Elimu, Simjui. Wizara ya Utulivu, yetu wenyewe, Simjui.

Nilisubiri kufukuzwa kazi siku nzima. Lakini mwisho wa mwezi tukagundua jambo la ajabu. Malalamiko ya wananchi hupokelewa kupitia tovuti za wizara. Mwezi ule yalikuwa sifuri. Waziri aliichukua taarifa ile akaibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Rais, na mimi nikapewa zulia jipya juu ya lile la zamani.

Mzizi wa nne ulikuwa "shida."

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba nchi haina tena shida, na kwamba wiki nzima itatengwa kusherehekea. Waziri alisema haileti picha nzuri taifa lisiwe na shida halafu mtandaoni ziwe zimejaa. Siku tulipokwenda kuweka vidole, Bi. Stamili alinisimamisha kwenye ujia, akanipa karatasi.

"Bosi, soma hii kwanza. Kuna watu wanaitwa Rashida. Kuna maduka, kuna shule, kuna ile hospitali ya wazazi. Wote wana shida katikati ya jina."

"Watume maombi ya kubadili jina."

"Hospitali, Bosi?"

Nilikuwa nachelewa kwa Waziri. Nikaichukua karatasi, nikaiandika juu "Imeonwa," nikapiga mhuri wa duara, nikamrudishia. Nikiri kwamba nilikuwa sijaisoma hata mstari mmoja. Niliona mwandiko ni mzuri.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne saa nne asubuhi simu ya mezani ililia ofisini kwangu.

"Idara ya Majina, Mkurugenzi anaongea."

"Shikamoo mzee. Naitwa Mwamvua, muuguzi wa zamu Hospitali ya Mama Rashida. Orodha yetu ya wachangia damu haifunguki tangu jana. Kila tukiiita tunaambiwa Simjui."

"Marahaba. Mmejaza fomu namba saba?"

"Inapatikana wapi?"

"Kwenye tovuti ya Wizara."

"Tovuti ya Wizara nayo haijulikani, mzee. Ndiyo maana nimepiga simu."

Nikamweleza kwa upole kwamba hilo ni suala jingine na lina fomu yake, namba tisa.

"Na hiyo iko wapi?"

"Hapohapo."

Nilisikia nyuma yake kitoroli kikisukumwa haraka.

"Mzee, nina mama hapa amejifungua nusu saa iliyopita. Mtoto mzima, lakini damu ya mama haikatiki. Kundi lake ni adimu, na tumebakiwa na chupa moja. Mjini wenye kundi hilo wanaojitolea ni watu ishirini na wawili, na simu zao zote zimo kwenye orodha ile. Hatuna kwingine zilikoandikwa."

"Naelewa, dada. Lakini nikiruhusu kwa mdomo leo, kesho kila mmoja atapiga simu."

"Sijui kuhusu kesho, mzee. Mimi nazungumzia sasa hivi."

Kwa kuwa nina roho nzuri, niliamua kumsaidia. Nikatoa fomu namba saba mtotoni mwa meza, nikasema nitamjazia mwenyewe. Mwaka huo hakuna mwananchi aliyewahi kupata huduma ya namna ile. Nikajaza tarehe. Nikajaza jina la taasisi. Nikafika kisanduku cha nne.

"Jina la mwathirika?"

"Konsolata Gerevasi Mtandika."

Ningependa kuwaambia kwamba kalamu ilinianguka. Haikuanguka. Niliandika jina lote, herufi kwa herufi, kwa mwandiko mzuri, mpaka Mtandika, ndipo nikasoma nilichokiandika.

Konsolata ni binti yangu wa kwanza. Tulimtarajia ajifungue mwezi uliofuata. Nilitoa simu yangu ya mkononi kwenye mfuko wa koti, ambako ilikuwa imezimwa sauti kwa ajili ya kikao cha asubuhi, nikakuta mama yake amenipigia mara saba.

"Mzee, bado upo?" Mwamvua aliuliza.

"Nipo. Usikate simu. Usikate kabisa. Naihamishia simu hii chumba cha mitambo."

Chumba cha mitambo kiko mwisho wa ujia. Nilikuwa sijakimbia ofisini tangu nipate ukurugenzi, na watumishi waliponiona wakasimama kando wakidhani ni mapinduzi. Bi. Stamili alikuwa anakunywa chai.

"Ifungue Rashida," nikamwambia. "Konsolata yuko pale. Anatokwa damu."

Aliweka kikombe chini, akaingia kwenye mtambo wa mkoa wetu, akaufuta mstari kwa mkono kama zamani. Nikamwambia Mwamvua ajaribu.

"Bado, mzee. Simjui."

"Haiwezekani. Tumeshafungua."

"Kompyuta zao zimelikariri jibu la kwanza," Bi. Stamili akasema. "Hazitauliza tena mpaka saa iishe."

"Nani aliweka saa nzima?"

Bi. Stamili ni mtu mwenye adabu. Alitazama kioo cha kompyuta yake tu. Tukiwa bado tunakitazama wote wawili, dakika kumi zikatimia, Mtiifu akapita, akauona mstari haupo, akaurudisha.

Nikampigia Waziri kwa simu ya mkononi. Alikuwa kwenye uwanja wa michezo, akifungua Wiki ya Taifa Lisilo na Shida. Nilisikia bendi.

"Sema haraka, Gerevasi. Nakaribia kuhutubia."

"Mheshimiwa, naomba kidole chako. Tubadili faili. Kuna..." Nikaanza kulitaja lile neno, nikalisikia likinikwama. Miaka kumi na mitano ya utumishi ilinichagulia jingine. "Kuna changamoto, Mheshimiwa."

"Changamoto zinaruhusiwa," Waziri akasema. "Hatujazifunga. Tutaonana wiki ijayo."

Akakata.

Najua mnachofikiri. Nimekifikiri mimi pia, mara nyingi kuliko ninyi. Neno lilikuwa moja, lina silabi mbili, na mwanangu alikuwa anamalizika. Ningelisema tu. Nilisema changamoto.

Bi. Stamili alikuwa amezungusha kiti chake ananitazama.

"Bosi, tumefunga jina," akasema taratibu. "Namba hatukuifunga."

Nilimwelewa mara moja, na nikaogopa mara moja. Kompyuta ya hospitali haikuhitaji kuuliza orodha inakaa wapi kama mtu ataiandikia namba yenyewe. Lakini kulikuwa na Kanuni ya Kumi na Nne: atakayempa mtu namba ya jina lililofungwa ametenda kosa la usaliti mdogo, na akiwa mtumishi wa umma, usaliti wa kati. Naikumbuka vizuri kwa sababu niliitunga mimi, na neno "wa kati" niliongeza dakika za mwisho ili ipendeze.

Nilisita. Sijui ni muda gani. Bi. Stamili alisema baadaye ni kama pumzi tatu. Yeye alikuwa ameshaiandika namba kwenye kipande cha karatasi, anakisogeza mbele yangu kwa kidole.

Nikachukua simu.

"Mwamvua, pale unapoandika jina la orodha, usiandike jina. Andika namba hizi. Mia mbili na tatu, nukta. Sifuri, nukta. Mia moja kumi na tatu, nukta. Ishirini na saba."

Akanirudishia namba moja moja. Kisha nikasikia vidole vyake kwenye vitufe. Kisha akasema, si kwangu bali kwa mtu aliyekuwa karibu naye, "Imefunguka. Anza na wa juu, mimi naanza na wa chini."

Nilipofika hospitali wachangiaji wanane walikuwa wameshafika, na wengine walikuwa njiani. Mke wangu alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba cha upasuaji na khanga begani.

"Baba Konsolata," akasema, "nimekupigia mara saba."

"Nilikuwa kazini."

"Najua ulikuwa kazini."

Nikakaa kwenye benchi kando ya mtu mwembamba mwenye pamba kwenye mkono, na wino kwenye kucha. Alikuwa anakunywa soda waliyompa baada ya kutoa damu. Tukasalimiana.

"Mgonjwa ni ndugu yako?" akaniuliza.

"Binti yangu."

"Pole sana. Atapona. Damu yangu ni nzuri, mara zote wanaisifu." Akanyoosha mkono usio na pamba. "Naitwa Kisiri."

Nilimpa mkono. Nilikuwa nimemfunga mtu huyu mara kumi na saba, kwa majina yake yote, na sikuwahi kujua ana meno yaliyoachana.

"Wewe unafanya kazi gani?" akauliza.

"Niko serikalini."

"Idara gani?"

"Ya majina."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani ataondoka, au ataniomba damu yake. Akapiga funda la soda.

"Kumbe una uso wa kawaida," akasema. "Mimi nilikuwa nakuchora na kifuniko cha chupa badala ya kichwa. Naona nilikosea masikio."

Tukakaa. Nilitaka kumshukuru, lakini maneno yote niliyoyajua yalikuwa ya barua: Wizara inatambua mchango wako. Mwisho nikasema tu asante, na yeye akasema, "Haya."

Saa tisa daktari alitoka akatuambia damu imekatika. Chupa tano zilikuwa zimeingia. Damu ingechelewa nusu saa nyingine, alisema, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Mke wangu akakaa sakafuni palepale, akalia kwa mara ya kwanza.

Kesho yake niliruhusiwa kumwona Konsolata. Alikuwa amelala chali, midomo mikavu, mtoto wa kiume ubavuni.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "nesi anasema damu ilichelewa. Anasema mtandao ulifungwa. Nani aliufunga?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa na majibu ya aina hiyo kwenye mafaili, yamepangwa kwa rangi. Nikafungua mdomo, likatoka jingine.

"Mimi."

Akanitazama. Kisha akafumba macho.

"Toka kwanza, Baba. Nilale."

Nikatoka. Zilipita wiki tatu kabla hajanipa mtoto nimshike, na siku hiyo alinipa, akaenda jikoni.

Kuhusu usaliti wa kati, nilikaa nikisubiri kukamatwa. Nilipanga hata nguo. Hakuna aliyekuja. Ila jambo jingine lilikuwa limeanza. Mwamvua aliibandika ile namba ukutani mapokezi, na ndugu za wagonjwa wakaanza kuulizana: kumbe kila jina lina namba? Wiki haikuisha, walimu wakawa na namba zao. Watu wa ngoma wakachora ya kwao kwenye ngozi ya ngoma. Akina mama waliandikiana namba kwenye pindo za khanga, na makanisani zilisomwa pamoja na matangazo ya ndoa. Bi. Stamili aliulizwa na majirani tisa, na aliniapia kwamba alimjibu mmoja tu. Wanane walipata kutoka kwa huyo mmoja.

Mtiifu hakuona chochote. Hakuulizwa jina, basi hakuwa na la kukataa. Majina yaliyokatazwa yalikuwa yakiulizwa mara elfu themanini kwa siku. Mwisho wa mwezi yaliulizwa mara sifuri. Niliipeleka taarifa kwa Waziri nikiwa nimeinamisha kichwa.

Waziri aliisoma, akasimama, akanikumbatia.

"Hakuna mwananchi hata mmoja anayelitafuta jina baya," akasema. "Gerevasi, umewageuza mioyo."

Nikapewa nishani. Sikuikataa. Nilikwenda na suti yangu ya kijivu, nikainamisha shingo ikavishwa, nikasema nimeipokea kwa niaba ya wenzangu wote. Mke wangu hakuhudhuria. Alisema alikuwa na nguo za kufua.

Miezi miwili baadaye Waziri aliniita tena. Safari hii alikuwa amefunga mlango. Akafungua kiganja cha mkono wake wa kushoto, akanionyesha. Kilikuwa kimeandikwa namba kwa kalamu ya wino.

"Dereva wangu ndiye aliyeniandikia," akasema. "Ni namba ya Wizara yetu. Kumbe ndivyo watu wanavyoingia. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyoingia tangu mwezi wa tatu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo wanazo nyingine."

"Inawezekana, Mheshimiwa."

Akanawa mkono kwenye beseni la pembeni, akaukausha kwa taulo.

"Funga namba."

"Tuanze na ipi, Mheshimiwa?"

"Sina upendeleo. Zote."

Nilirudi ofisini kwangu nikakaa juu ya mazulia mawili. Nikamwita Bi. Stamili, nikamweleza. Alifuta miwani kwa muda mrefu sana. Safari hii sikumwachia aseme yeye kwanza.

"Tukizifunga zote," nikamwambia, "hospitali itarudi pale ilipokuwa."

"Ndiyo, Bosi."

"Basi tutazifunga kwa mpangilio. Kuanzia moja. Na kila moja lazima ifanyiwe uchambuzi kwanza, kama ina madhara au haina. Haraka haraka haina baraka."

"Uchambuzi utachukua muda gani kwa namba moja?"

"Wewe unaonaje?"

"Kama siku nne hivi," akasema Bi. Stamili. "Tano, ikiwa na sifuri."

Huo ndio ushujaa wangu, ndugu wasomaji, na naomba msiukuze. Sikujiuzulu. Sikuandika barua gazetini. Sikumwambia Waziri hata sentensi moja iliyonyooka. Niligundua tu kwamba kuna kipaji kimoja ambacho utumishi wa umma ulinipa kwa ukamilifu, yaani kuchelewesha, nikakitumia kwa mara ya kwanza kwa faida ya mtu.

Sasa ni mwaka wa nne. Kila mwezi napeleka taarifa yenye majedwali, na kila mwezi Waziri ananiuliza tumefika ngapi. Mwezi uliopita alitaka kujua kama tumekaribia mwisho. Nilimwambia ukweli, wa kwanza kumwambia tangu nimfahamu.

"Namba hazina mwisho, Mheshimiwa."

Akafikiri. Akaegemea kiti, akatazama dari, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri sana," akasema. "Basi nitakuombea mkataba wa kudumu."